Farasi Kumi na Mmoja Waliopungua

Ringlet, Jumapili, 12 Aprili 2015

Baba, assalamu alaykum,

Jana saa tano asubuhi fundi mmoja wa Ipoh, Foong Wai Leong, alisema gari ulilonipa linatoa nguvu za farasi 37 kwenye magurudumu. Magari mengine ya aina hiyo hiyo, lita moja, silinda tatu, bila turbo, yakipanda kwenye mashine yake ya kupimia nguvu hutoa 48. Alipima mara tatu. Karatasi nimeikunja humu ndani.

Najua utauliza kwa nini nimelipeleka gari la ukunga kwenye mashine ya vijana wa mashindano. Kutoka zahanati yetu mpaka hospitali ya Tanah Rata ni kilomita kumi na tatu, karibu zote za kupanda. Gari la zahanati ni moja, wakunga tuko watatu, kwa hiyo mara nyingi natumia langu. Nikiwa peke yangu linapanda kwa gia ya pili. Nikiwa na mama mjamzito, mama mkwe wake na kapu lao, linaomba ya kwanza. Malori ya kabichi yananipigia honi kutoka nyuma, Baba. Malori ya kabichi!

Msimamizi wangu, Bi Kalsom, amesema bila kuzunguka: mkunga wa kituo hiki awe na gari linalopanda, au aombe uhamisho. Fomu zinafungwa Ijumaa tarehe 29 Mei. Sitaki kuhama. Nina akina mama kumi na wanne watakaojifungua kabla ya Agosti. Sita wanatoka vijiji vya Wasemai kule msituni, na hao ndio kwanza wameanza kuniita kwa jina.

Foong anasema anaweza kufanya rimapu. Anachomeka kompyuta yake kwenye ubongo wa injini na kuandika upya hesabu za mafuta na cheche. Kazi ya nusu siku, ringgit 900. Nilimuuliza nitapata nini. Akasema, "Sista, lingekuwa la turbo ningekuimbia. Kwa hili nakwambia polepole." Sikumwelewa. Wewe umeshika injini miaka arobaini na mmoja. Nifanye au nisifanye?

Ningepiga simu, lakini kwa masikio yako yalivyo mazito, mara ya mwisho tulipigiana kelele mpaka jirani akaja kuniuliza nani amefariki.

Chai iliyo kwenye mfuko ni ya bustani ya hapa. Usiichemshe mara mbili.

Mwanao,
Hasnita

*

Taiping, Alhamisi, 16 Aprili 2015

Hasnita,

Wa alaykum salaam. Usifanye.

Injini isiyo na turbo huvuta hewa kwa pumzi yake yenyewe. Turbo ni feni inayoisukuma hewa iingie kwa nguvu. Fundi akiiambia isukume zaidi, unapata farasi ishirini bila kubadilisha hata nati. Yako haina feni. Kompyuta inaweza kugeuza kiasi cha mafuta na wakati wa cheche, lakini hewa haiwezi kuileta. Utapata farasi watatu. Wanne, ikiwa fundi ni mwaminifu na unajaza mafuta ya bei ya juu. Mtu akihema kwenye ngazi, humwongezei mapafu kwa kumfundisha hesabu.

Hizo 37 usizitie moyoni. Mashine hizo hazifanani; joto la siku, upepo wa tairi, hata namna ya kulifunga gari, vyote vinabadilisha namba. Fanya haya: badilisha plagi zote tatu. Kung'uta chujio la hewa. Jaza tairi upepo kama ilivyoandikwa mlangoni. Toa kwenye buti kila kisicho na kazi. Nakufahamu, umebeba mizani mbili na madaftari ya mwaka juzi. Kabla ya kona ya kupanda, shuka gia mapema, usingoje gari likuombe.

Huyo Foong mwambie asifungue chochote upande wa mlango wa hewa. Nimeurekebisha mwenyewe, ukiguswa hautarudi sawa.

Gari dogo si la kukimbia. Anayekupigia honi mpishe.

Kuhusu uhamisho, nasikia zahanati ya Kamunting ina nafasi. Kule ni tambarare.

Chai nimeipokea. Nimeichemsha mara mbili, na haina tatizo.

Mahyuddin

*

Ringlet, Jumanne, 21 Aprili 2015

Baba, assalamu alaykum,

Nimefanya yote. Plagi mpya, chujio safi, tairi zimejaa. Kwenye buti nilikuta mizani tatu, si mbili. Jumapili nilishuka tena Ipoh. Foong akapima bila kunitoza, akatoa karatasi, akaisoma kwa sauti ya mtangazaji wa bahati nasibu: "Farasi thelathini na nane! Hongera Sista, umezaa mmoja."

Nikamwambia basi afanye rimapu tumalize. Akakataa. Hayo hukuyatarajia, najua. Mimi pia.

Alinionyesha kioo cha kompyuta. Mimi nikikanyaga mpaka mwisho, mlango wa hewa wa injini unafunguka asilimia 46 tu. "Nikikuandikia hesabu mpya sasa hivi," alisema, "nitakuwa nimechukua pesa ya mgonjwa kabla ya kujua anaumwa nini. Kwenu mnafanya hivyo?"

"Hatufanyi."

"Basi na mimi sifanyi."

Anashuku ile sensa, kidude kinachosoma ufunguzi wa mlango huo. Alitaka kuulegeza mlango wenyewe auangalie, nikamwambia umekataza. Akaniuliza, "Baba yako alikuwa fundi au askari wa mpakani?" Nikamwambia fundi. Ameagiza sensa mpya, inafungwa kwa nje, hagusi kitu chako.

Sasa la Kamunting. Baba, nilikuuliza habari za injini, ukanijibu habari za kurudi nyumbani. Najua nyumba imekuwa kubwa tangu Mama atutoke. Lakini sikupanda huku kukukimbia, wala sitashuka kwa sababu ya farasi kumi. Wako akina mama huku ambao mimi nisipofika, wanajifungulia walipo. Nisaidie kupanda. Hilo tu.

Hasnita

*

Ipoh, Jumanne, 28 Aprili 2015

Kwa Mzee Mahyuddin,

Mimi ni Foong, mwenye gereji anakopima gari binti yako. Sista Hasnita amenipa anwani yako na kuniambia kwamba simu na wewe hamna uhusiano. Kiswidi changu ni kizuri kuliko mwandiko wangu, na Kiswidi sikijui, kwa hiyo unisamehe.

Naandika kama fundi kwa fundi. Nimefunga sensa mpya. Bado 46. Kwa hiyo sensa ilikuwa inasema kweli na mimi ndiye niliyeisingizia. Waya wa kanyagio haujakatika uzi hata mmoja. Mlango wenyewe sijaugusa, kwa heshima yako. Lakini kuna kitu kinauzuia usifunguke nusu iliyobaki, na nadhani wewe unalijua gari hili kuliko mimi. Umewahi kuona ugonjwa huu?

Kuhusu rimapu nitakuwa mkweli, kwa sababu wewe huwezi kudanganywa. Mdomo wangu unauza, mashine yangu hapana. Mwaka jana nimeandika upya magari kumi na tisa ya aina hii yasiyo na turbo. Aliyepata zaidi alipata farasi wanne. Aliyepata kidogo alipata mmoja, na huyo ndiye aliyefurahi kuliko wote, akaenda kubandika mstari mwekundu ubavuni. Kanyagio linakuwa jepesi kidogo, mtu anahisi gari limeamka. Basi. Kwa binti yako, rimapu leo ni sukari kwenye chai isiyo na majani.

Nakuandikia nikiwa na haraka kidogo, na sababu ni ya tarehe 2 Aprili. Bila shaka ameshakusimulia. Lori la kabichi lilikuwa linatambaa kwenye kona iliyo juu ya bwawa, dereva akampungia mkono binti yako apite. Akatoka kulipita. Alikuwa na mama wa miezi tisa kiti cha nyuma. Anasema alikanyaga mpaka mwisho na gari likabaki palepale, sambamba na lori, kama vile wanapiga picha ya pamoja. Basi la watalii likatokea juu. Dereva wa lori ndiye aliyewaokoa, alifunga breki akamwachia nafasi. Kioo cha kulia cha gari kiliondoka na basi. Mimi nilimfungia kingine, ndivyo tulivyojuana.

Kama hakukusimulia, basi nimeropoka, na tafadhali usimwambie ni mimi, ingawa sijui utamwambia ni nani mwingine.

Amenieleza pia kwamba unasikiliza injini kwa kuuma mpini wa bisibisi ndefu, ncha ikiwa kwenye chuma. Nimejaribu. Nimepata ganzi ya meno tu.

Naomba jibu lako, Mzee.

Foong Wai Leong

*

Ringlet, Jumapili, 10 Mei 2015

Baba, assalamu alaykum,

Foong anasema alikuandikia tarehe 28 na hujamjibu. Mimi nilikuandikia tarehe 21 na hujanijibu. Nilimpigia Mak Teh, jirani yako, akasema u mzima, umekaa barazani, unakula, huongei. Nikamwambia hilo si jipya. Akasema, "Safari hii haongei kwa namna nyingine."

Jana tumeona kinachouzuia mlango wa hewa.

Foong hakukigusa. Alinikalisha kwenye usukani nikanyage taratibu, yeye akamulika kwa tochi na kioo kidogo kama cha daktari wa meno. Akasema, "Simama hapo." Ule mkono mdogo unaogeuza mlango ukivutwa na waya unafika nusu ya safari, halafu unagota kwenye kipande cha shaba chenye umbo la pete, kimekazwa kwa skrubu mbili. Foong alikitazama muda mrefu. Alidhani ni cha kiwandani, kwa jinsi kilivyokaa. "Kiwanda gani kinaweka kitu kama hiki?" akauliza. "Na kama si kiwanda, huyu aliyekikereza aje nimpe kazi."

Nikamwomba kioo nitazame na mimi. Pembeni ya ile pete kuna mikwaruzo mitatu ya tupa, myembamba, sambamba.

Nimekulia gerejini kwako, Baba. Kila kipande ulichokereza kwa mkono wako ulikipiga tupa mara tatu pembeni, na mimi nikiwa na miaka saba nilikuuliza kwa nini. Ulisema: kikirudi kimeharibika, nijue kosa ni langu, nisimsingizie kiwanda.

Foong alitaka kukitoa. Skrubu mbili, dakika mbili. Nimemwambia akiache. Sikumwambia kwa nini, naye hakuuliza, ila aliacha mzaha kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Gari nimeliacha kwake. Wiki hii natumia la zahanati kwa zamu. Bi Kalsom ameniuliza habari ya fomu, nimemwambia tarehe 29 bado haijafika.

Sina swali. Wewe ndiye mwenye neno.

Hasnita

*

Taiping, Alhamisi, 14 Mei 2015

Hasnita,

Ni changu.

Nilikikereza mwaka 2009, wiki niliyokupa gari. Wakati huo ulikuwa unafanya kazi hapa hapa, dakika kumi na mbili kutoka nyumbani, barabara kama meza. Nusu ya mlango ilikutosha. Nilipima mwenyewe: mwendo wa juu kabisa kilomita 95 kwa saa. Hukuwahi kulalamika kwa sababu hukuwahi kulijua gari hilo likiwa zima.

Sikukwambia kwa sababu ungekataa.

Sababu unaijua, lakini hatujawahi kuisema humu ndani, kwa hiyo naiandika. Kaka yako Azrin alitaka gari lake liwe jepesi. Nilipanua silinda zake, nikabadilisha kabureta, nikakereza kichwa cha injini. Wiki tatu, kila jioni baada ya kazi. Yeye alinishikia taa. Nilimwongezea farasi thelathini na mmoja. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Siku ya kumi na nane baada ya kumkabidhi, tarehe 9 Novemba 2003, alitoka nje ya barabara ya Kamunting akiwa peke yake. Barabara ilikuwa kavu. Ripoti ya polisi iliandika kilomita 140. Kabla ya mimi kuligusa, gari lile lilikuwa halifiki 120.

Tangu hapo sijamwongezea mtu nguvu. Waliokuja kuomba niliwaelekeza kwingine.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, kabla hujapanda Ringlet, uliniletea gari nilikague. Nilijua unakwenda mlimani. Nilifungua mfuniko, nikashika bisibisi, nikakitazama kipande kile. Nikafikiri: wakikukimbiza utakuwa polepole, na aliye polepole hufika. Nikafunga mfuniko nikakwambia gari liko sawa. Ulinishukuru.

Foong ameniandikia habari ya tarehe 2 Aprili. Usimkasirikie, hakujua umenificha. Barua yake nimeisoma mara nyingi. Nimekuandikia nne nikazichana. Kila moja ilianza kwa kueleza.

Ulikanyaga mpaka mwisho. Mwisho huo niliuweka mimi.

Mwambie Foong akitoe. Mwambie pia hesabu yake ya rimapu ni sahihi na ni mtu mwaminifu, asibadilike.

Wala usijaze fomu ya Kamunting kwa ajili yangu. Nilipoandika ni tambarare, sikuwa nafikiria ukubwa wa nyumba.

Mahyuddin

*

Ringlet, Jumapili, 17 Mei 2015

Baba, assalamu alaykum,

Barua yako ilifika jana mchana. Niliisoma nimesimama, nikaenda kupima mama watano, nikarudi kuisoma tena.

Nimekasirika. Naiandika hiyo kwanza ili isije ikajificha mahali. Mama aliyekuwa kiti cha nyuma anaitwa Wah Ngah. Alishika shingo yangu kwa nyuma kwa mikono miwili, na alama za kucha zilikaa siku sita. Hakupiga kelele. Tulipofika hospitali alisema, "Sista, gari lako limechoka, lipe mapumziko." Akajifungua msichana usiku huo, kilo mbili na gramu mia tisa. Wote wazima. Sikukuandikia kwa sababu nilijua utaniambia nirudi tambarare. Kwa hiyo hata mimi nilificha, na kama ningesema tarehe 3 Aprili, labda ungesema tarehe 6. Hilo ni langu.

Lakini kuna jambo umeliandika sivyo.

Umeandika kama vile Azrin aliuawa na injini. Nilikuwepo, Baba. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nilikuwa jikoni na Mama. Alikuomba mwezi mzima. Uliposema hapana alisema atampelekea fundi wa Simpang, na yule fundi wote tulimjua, angemwachia gari lenye nguvu na breki za karatasi. Ulikubali kwa sababu hiyo. Ulibadilisha na breki zake pia, nakumbuka kwa sababu ulimzuia kuliendesha siku mbili mpaka zifike kutoka Penang. Hilo hukuliandika. Umeandika farasi thelathini na mmoja na siku ya kumi na nane.

Aliyekanyaga ni yeye. Alikuwa na miaka ishirini na sita na alipenda kukanyaga. Mimi naikumbuka sura yake akirudi gerejini amelowa jasho, anacheka. Wewe je?

Yeye aliomba ukampa. Mimi sikuomba ukaninyima. Nina miaka thelathini na mitano, nimezalisha watoto elfu moja na mia mbili na kitu, na sijui mguu wangu ungefanya nini na gari zima, kwa sababu sijawahi kulipata. Labda ningelipenda mno. Labda ningepanda gia ya tatu nikafika kazini bila kupigiwa honi. Nataka kujua.

Kuhusu rimapu tumekwisha amua. Foong anasema kipande kikitoka tutapata 48, na hesabu mpya ingeleta 51. Nimemuuliza hao watatu wanapandisha mama wangapi. Akasema, "Nusu mama." Zile ringgit 900 zitaingia kwenye breki za mbele na tairi mbili. Alifurahi kama vile nimempa kazi kubwa zaidi. Anasema kijana wa mstari mwekundu hajawahi kumuuliza habari ya breki.

Kuhusu kipande: sitamwambia Foong akitoe. Ulikiweka wewe bila mimi kuwepo. Kitoe nikiwepo. Njoo Ipoh. Kisha tutapanda na Foong mpaka Ringlet, watu watatu ndani, uzito wa mama, mama mkwe na kapu. Likipanda, Jumatatu namwambia Bi Kalsom fomu aweke. Lisipopanda, namwambia anipe kalamu.

Hasnita

Foong anauliza kama ukija utamfundisha ile ya kuuma bisibisi. Nimemwambia uulizwe mwenyewe, kwa maandishi.

*

Taiping, Jumatano, 20 Mei 2015

Hasnita,

Nakuja.

Breki nilikuwa nimezisahau. Nilitafuta tangu jana. Karatasi ya kifurushi kutoka Penang ipo, ndani ya kitabu cha gari la Azrin, tarehe ni 20 Oktoba 2003. Umesema kweli. Sijui kwa nini mtu anakumbuka namba moja na kusahau nyingine.

Ile sura akicheka naikumbuka. Alikuwa anashika taa vibaya, anaimulika pua yangu badala ya injini.

Mwambie Foong apashe injini moto kabla sijafika, asinifanye ningoje. Bisibisi ndefu nitakuja nayo. Ataiuma kwa meno ya nyuma, si ya mbele, na afunge macho. Kwanza tutaisikiliza injini ilivyo. Kisha nitatoa zile skrubu mbili. Kisha utakanyaga mpaka mwisho, nami nitasikiliza. Kipande nitakiweka mfukoni, kina alama yangu.

Kwenye mlima wewe ndiye mwenye usukani. Nitakaa mbele, upande wa abiria. Foong akae nyuma na kapu, nimeweka ndizi na mchele, uzito utafika. Sijakaa upande huo na mtoto wangu akiendesha tangu mwaka 2003. Nikisema punguza, jifanye wewe ndiye kiziwi.

Basi linaondoka Taiping Jumapili tarehe 24 Mei, saa moja na nusu asubuhi. Saa nne nitakuwa gerejini.

Baba yako,
Mahyuddin